Seva Arobaini

"Mama, hebu pisha hapo. Nalizima."

Mfagizi hakupisha. Alisimama na tambara lake mbele ya kabati jeusi lililomzidi kimo, linalovuma peke yake kwenye chumba baridi kama mtu mwenye kinyongo. Hiyo ndiyo mainframe, kompyuta kuu ya zamani ya hospitali. Miaka kumi na tisa ameipangusa vumbi, hajapata kuiona imezimwa.

"Binti yangu yuko kwenye meza ya upasuaji, mwanangu. Mtoto ametoka salama, ila damu haijakata. Wanamwongeza damu. Na lile friji la damu halifunguki bila amri ya kompyuta."

"Amri ya kompyuta, sawa. Siyo ya dude hili." Mtaalamu wa kompyuta alicheka, si kwa ubaya. "Hili la enzi za babu. Wanaoijua lugha yake wote wamestaafu. Damu inasimamiwa na seva mpya, mama. Moja ikianguka, nyingine inadaka. Tunazo arobaini!"

"Lakini hili haliugui."

"Hata jiwe haliugui."

"Na hizo zako?"

"Seva zote huugua. Unaziwasha upya, zinapona. Ila hizi, tangu Mzee Fundi, mkuu wetu wa zamani, atuundie kabla hajastaafu, mwaka mzima hazijapiga hata chafya." Akamgeuzia laptopu. Nukta arobaini za kijani. "Umeona? Wazima wa afya."

Simu ya mfagizi ikalia. Ni dada yake, yuko nje ya chumba cha upasuaji. "Chupa ya tatu inakwisha. Nesi amekwenda kwenye friji kuchukua ya nne. Omba, dada."

Aliomba, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akapisha. Yeye ni nani, mwenye ufagio, abishane na mtu aliyesoma?

Mtaalamu akabonyeza. Mvumo haukukatika mara moja. Ulianza kushuka, taratibu, kama pumzi ya mgonjwa.

"Basi nionyeshe chumba chake," mfagizi akasema.

"Chumba cha nini?"

"Cha hizo arobaini. Funguo za jengo hili zote ninazo mimi, na seva sijawahi kupangusa hata moja."

"Mama nawe! Mimi nazifungulia hapa hapa, kwani ni lazima nikazishike?" Lakini alishavuta kiti. Akabofya nukta ya kwanza, akatafuta palipoandikwa mahali ilipo, akasoma kwa sauti ili amalize ubishi.

"Seva ya kwanza: ndani ya mainframe."

Akakohoa.

"Ya pili: ndani ya mainframe. Ya tatu..."

Hakusoma tena kwa sauti. Kidole chake kiliteremka na orodha mpaka ya arobaini, na kilipofika chini, mvumo ulikuwa umekatika kabisa.