Hoteli ya Kuchakuro

Kuchakuro alipenda mno kusifiwa. Alipofungua hoteli ndani ya mti mkavu, aliajiri vimulimuli wakae kila chumba, wawake mpaka asubuhi. Wageni walisifu, kisha kesho yake wakahama na macho mekundu. "Mwanga haujatosha," Kuchakuro akawaza, masikini, akaongeza vimulimuli.

Jioni moja vimulimuli, hoi kwa uchovu, walizimika. Papo hapo Bibi Kobe akabisha hodi. Kuchakuro alitamani ardhi immeze. Alibaki kimulimuli mmoja tu, akamtangulia mgeni akimmulikia pa kukanyaga, akamfikisha kitandani, akazima.

Asubuhi Kuchakuro alikwenda kuomba radhi.

"Bibi, unisamehe kwa lile giza."

"Kumbe lilikuwa kosa?" Bibi Kobe akapiga mwayo mtamu. "Usilirekebishe, mjukuu wangu. Nakaa mpaka masika."