Hodi ya Digidigi

Mniwie radhi nikiivuruga hekaya hii, maana tenisi naijua kwa kuchungulia uzioni tu.

Digidigi alikuwa na adabu za bwana harusi mbele ya mama mkwe. Siku hiyo alicheza shindano lake la kwanza la kulipwa. Akishindwa, arudi kwao kupalilia kunde. Mpinzani wake alikuwa Mzee Nguchiro, bingwa wa siku nyingi na mpenda wageni asiye na mfano. Refa alikuwa Kasuku, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia neno alilolisikia mwisho.

Kila mpira wa Digidigi ulipotua ndani ya mstari, Nguchiro alipaza sauti: "Nje!"

"Nje!" akasema Kasuku, na pointi ikaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee, lakini huo umetua ndani."

"Marahaba. Nenda kapimwe macho!"

Alipobakiza kidogo afungwe, Digidigi akakumbuka kwamba hodi haijawahi kumpita Nguchiro bila jibu. Akaupiga mpira konani, akaita, "Hodi!"

"Karibu ndani!" akajibu Nguchiro.

"Ndani!" akasema Kasuku.

Watazamaji walicheka hadi Fisi akaona wivu. Nguchiro akaapa kufumba mdomo, lakini malezi ni malezi.

"Hodi, mzee!"

"Mwanangu, pita ndani!"

"Ndani!"

Ikawa hivyo mpaka Digidigi akashinda.

Nyumbani, mke wa Nguchiro alifoka: "Katoto kale kameingiaje kwenye nafasi yako?"

Nguchiro akavua viatu polepole. "Kalibisha hodi, mke wangu, nami mwenyewe nikakakaribisha."