Ukuta wa Bi Hondohondo

Hondohondo jike anapotaka kutaga huingia katika shimo la mti, akaziba mlango kwa udongo na kuacha ufa mdogo wa kupokelea chakula. Kulisha ni kazi ya dume.

Bwana Hondohondo aliiacha kazi hiyo, akawa mwalimu wa uanaume. "Mke wangu nimemfungia," aliwaambia madume vijana. "Dume halisi haulizwi alikokuwa." Akawaleta hadi kwenye mti wake wajionee.

Ndani, makinda walikuwa wakilia njaa.

"Baba watoto, umeleta nini?" mkewe aliuliza.

"Niombe kwa adabu, wageni wasikie."

Mke akaanza kuugonga ukuta kwa mdomo, na mabonge ya udongo yakaanguka.

"Unavunja ukuta wangu!"

"Wako? Niliukandika mimi, kutoka ndani, kwa kuwa nilikuamini."

"Kumbe ufunguo anao mama!" kijana mmoja alicheka.

Bi Hondohondo akatoka, akakung'uta mbawa. "Naenda kutafuta chakula," alimwambia mumewe. "Ukinifuata, nifuate kwa sababu watoto wana njaa, si kwa sababu hawa wanakutazama."

Akaruka bila kungoja jibu.