Makofi Mawili Mgongoni

Kifuniko cha birika kilitetema gizani. Tunu akajua mwenyeji wao, Mama Chausiku, keshaamka kuwachemshia chai ya safari. Mbele yao ilikuwa nyika tupu, siku nzima ya pikipiki bila kukuta kijiji.

Kulipopambazuka, mumewe Shomari alifunga dumu la maji nyuma ya kiti, akawasha. Injini ikinguruma hawasikilizani, kwa hiyo Tunu akishapanda humpiga makofi mawili mgongoni, naye huondoka. Lakini Tunu alikuwa bado jikoni, anajaza chupa ya chai. Chausiku mdogo, aliyewatazama tangu jana, akapanda jiwe na kumpiga Shomari makofi mawili kwa mchezo.

Shomari akaondoka.

"Shemeji! We shemeji!" Mama Chausiku alipiga kelele, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Mwenzangu, mzigo umeondoka, mke kabaki!"

Tunu naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Safari hii aliiomba yeye. Mwaka mzima walikuwa wamelala kitanda kimoja kama abiria wasiojuana, na alitaka kujua kama mumewe bado anamhisi akiwepo.

"Atageuka sasa hivi," alisema.

"Na dumu zito vile nyuma yake? Atadhani ni wewe."

Tunu aliikumbatia chupa ya chai, akatazama vumbi likizidi kuwa dogo kule mbali. Chausiku alikuwa ameshakwea ukuta, kiganja juu ya macho.

"Mama, pikipiki imesimama."