Kengele ya Saa Sita na Ushei

Alhamisi, tarehe 18 Desemba. Kulikucha kwa ukungu juu ya mizeituni ya chuo, kisha ikaja mvua nyembamba, kisha baridi ya kuingia mifupani. Saa mbili Wasfi alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mlango wa chuma, akiokota skrubu sakafuni kwa sumaku ya spika kuukuu aliyokuwa nayo tangu ujana.

"Hiyo swichi ya ngapi sasa, Abu Mihyar?" aliuliza Hiyam, mwendeshaji wa kinu cha nyuklia, akimwita Wasfi kwa jina la mwanawe na kumwekea chai pembeni.

"Ya tatu. Nyaya nimebadilisha zote. Kilichobaki kubadilishwa ni mlango."

"Au fundi."

Wasfi hakucheka. Ndilo neno aliloambiwa jana na Daktari Rajai, mkuu wa kinu. Kinu kikijizima tena leo, mbele ya kamati ya usalama kutoka Amman, basi Jumapili Wasfi aanze kazi stoo, kugawa glavu na ndoo. Miaka kumi na tisa ya ufundi ingeishia kwenye ndoo.

Kinu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kufundishia wanafunzi. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chumba cha mionzi, na sheria yake haikuwa na huruma. Mlango ukisogea hata unywele wakati kinu kinawaka, swichi iliyofichwa ndani ya fremu inajua, kengele inalia ghorofani kwa waendeshaji, na kinu kinajizima.

Kwa wiki mbili sasa kengele ilikuwa ikilia kila siku ya kazi, mara moja tu. Na kila siku mlango ulikutwa umefungwa barabara.

Daktari Rajai alishuka ngazi na daftari lake mkononi.

"Wiki mbili nyuma ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tisa," alisema. "Jana, saa sita na thelathini na sita. Inasogea kidogo kidogo. Humo ndani kuna saa imejificha, na inachelewa."

"Nimefungua kila kitu, Daktari. Hamna saa."

"Na mbona kila ikilia, wewe hupo?"

"Nakuwa naswali."

"Wapi?"

"Huku huku chini, koridoni. Chumba cha kuswalia si kimefungwa? Wapaka rangi walisema siku tatu, leo wiki ya pili ndoo zao zinakauka tu. Nimekuomba mara nne..."

"Nitengenezee mlango kwanza, ndipo uniulize habari za rangi. Na leo huendi popote. Utasimama hapa hapa na kamati."

Kinu kiliwashwa saa nne. Kamati ilifika saa sita: wanaume wawili wa makamo na mwenyekiti wao, Bi Inaam, mhandisi mstaafu aliyetembelea bakora na kuuliza maswali mafupi. Walisimama koridoni wakiutazama mlango kama watu wanaosubiri mgonjwa akohoe. Daktari Rajai alimpigia Hiyam huko juu, akaiacha simu yake wazi kwa sauti.

"Hali?"

"Shwari," ilijibu simu.

Saa sita na dakika thelathini. Shwari. Thelathini na tatu. Shwari. Kutoka mjini adhana ilisikika kwa mbali, kama inayopita kwenye pamba.

"Niruhusuni niswali," Wasfi alisema. "Sitoki. Nitaswali hapa hapa, mlango ukiwa mbele ya macho yangu."

Daktari Rajai alitaka kusema neno, lakini Bi Inaam alimtangulia. "Swali, mwanangu. Utuombee na sisi."

Wasfi alivua viatu, akatandika kipande chake cha katoni mbele ya mlango, upande wa kibla. Akatoa mfukoni vile vinavyomchoma kifua akisujudu, kalamu akaitia kiatuni, sumaku ikadaka fremu. Akainua mikono.

"Inalia," simu ilisema.

Wasfi hakuikata swala. Alisoma Alhamdu huku ndoo za stoo zikimpitia machoni moja moja. Nyuma yake alisikia viatu vikisogea, watu wakinong'ona, kisha bakora ikigonga sakafu polepole, ikimjia kwa ubavuni ili isimpite mbele akiswali.

"Imenyamaza," simu ilisema.

Akarukuu.

"Inalia tena."

Akasujudu.

"Imenyamaza. Inalia. Sasa imenyamaza. Jamani, mnafanya nini huko chini?"

Katika sijda ya mwisho Wasfi alikaa mpaka paji la uso likafa ganzi kwa baridi ya sakafu. Ewe Mola wangu, aliomba, nionyeshe kosa liliko, hata likiwa ni langu.

Akatoa salamu kuliani. Wale wajumbe wawili walikuwa wameangalia darini, mmoja ameuma mdomo. Akatoa salamu kushotoni. Bi Inaam alikuwa amesimama kando ya fremu, ameishika sumaku ya Wasfi kwa ncha za vidole viwili, ile aliyokuwa akiibandua kwenye fremu na kuibandika tena, kengele ikimfuata.

"Daktari Rajai," alisema, bila kuiacha, "kwani chumba chenu cha kuswalia kina nini?"

Daktari Rajai aliitazama sumaku. Akamtazama Wasfi juu ya katoni yake. Akafunga daftari.

"Jumapili, kabla ya adhuhuri, kitakuwa wazi," alisema. "Naahidi, na nyote ni mashahidi wangu. Hata ikibidi nishike brashi mwenyewe."