Mama Ngiri Anunua Shimo

Hamjambo nyote? Basi nyamazeni kidogo, na mwenye karanga mdomoni ameze kwanza.

Mama Ngiri alijifunza kusoma uzeeni, na tangu hapo akasoma kila kitu, hata gunia la chumvi. Alipotafuta shimo la kuwaweka wanawe kabla ya mvua, Nguchiro dalali akamletea hati yenye muhuri mwekundu. Bei ilikuwa mihogo yake yote ya akiba. Nungunungu akaitwa awe shahidi, maana shahidi hupewa chai.

Mama Ngiri akaweka ukwato chini ya neno la kwanza.

“Mama, hati husomwa?” Nungunungu akamcheka. “Hati hutazamwa muhuri! Tia dole, chai inapoa.”

“Kunywa, baba. Mimi nasoma.”

Akasoma polepole, kwa sauti. “Shimo la kichuguu cha mashariki. Mmiliki... Nungunungu.”

“Naam, shahidi ni mimi.”

“Hapa hapasemi shahidi, baba. Panasema mwenye nyumba.”

Miiba yote ikamsimama Nungunungu. “Nguchiro! Si ile hati yangu uliyochukua ukanitolee kopi?”

Nguchiro alikuwa keshatokomea. Hata yeye hakujua kusoma. Hati aliichagua kwa uzuri wa muhuri tu.

Nungunungu akakaa chini, chai ikamshinda. “Mama Ngiri,” akasema taratibu, “mwezi huu nimeshamtilia Nguchiro dole kwenye hati nne. Zilikuwa nyumba za nani?”

Haya, nanyanyuka. Shemeji anauziwa kiwanja, naenda kumsomea karatasi. Nikifika mstari wa mwisho, mtaniona.