Mkono wa Duane

Orrin aliingia kwenye gereji ya shemeji yake kwa mlango wa nyuma, spana mfukoni, moyo ukimdunda kama wa mwizi wa kuku. Hakuja kuiba. Alikuja kuokoa maisha ya mtu.

Baiskeli ilikuwa juu ya stendi: ya mbio, ya zamani, fremu ya chuma rangi ya samawati. Shemeji huyo, Duane, aliinunua uani kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake vikuukuu, kama alivyonunua nyingine zote tangu theluji iyeyuke, akaifunga mwenyewe. Jumamosi angeiendesha pamoja na wenzake wapenda baiskeli za kale, kuushuka ule mteremko mrefu wa mji wa Duluth unaoishia ziwani.

Orrin aliinama kukagua breki, akafumba macho.

"Mungu wangu," alinong'ona.

Vikombe vinavyoshika raba za breki vilifungwa nyuma mbele, upande ulio wazi ukitazama mbele. Ukibana breki mteremkoni, raba zinachomoka na kwenda zao, nawe unaendelea na safari mpaka majini. Pedali ya kushoto, ambayo hukazwa kwa kuzungushwa kinyume, ilikuwa ikicheza kama jino la mtoto. Usukani nao haukukazwa hata kidogo.

Mgeni angeuliza, kwa nini asimwambie tu? Mgeni huyo hajaishi Minnesota. Huku hakuna anayemwambia mwenzake usoni kwamba kazi yake ni mbovu. Heri umvunjie mlango. Na mlango wenyewe wala haukuhitaji kuvunjwa, maana Marlys, dada yake Orrin na mke wa huyo fundi, hakukumbuka kuufunga hata siku moja.

Orrin alivua koti akaanza kazi.

Laiti Duane angekuwa bwege mnyamavu! Lakini Jumapili mezani alikuwa amejigamba hadi chakula kikapoa.

"Shemeji, ile ya kijani niliyoitengeneza juzi, umeiona inavyoteleza? Mkono huu una baraka, sikudanganyi!"

"Si mbaya," Orrin alijibu, na kwao hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ile ya kijani alikuwa ameifumua na kuifunga upya yeye mwenyewe, kuanzia ekseli hadi mnyororo. Marlys aliinamia viazi vyake, mabega yakimtikisika. Orrin alidhani ni aibu, akamhurumia.

Sasa alisafisha, akapaka grisi, akakaza. Cha ajabu, kila alichohitaji kilikuwepo. Gololi za kipimo chenyewe zilikuwa kwenye kisosi. Waya wa breki ulikuwa mpya, urefu ule ule. Jumapili hiyo hiyo alikuwa amelalamika kwamba spana nyembamba za ekseli zimeadimika. Leo moja ilikuwa imetundikwa ukutani, inang'aa. Mjinga ana bahati yake, aliwaza. Ananunua asichokijua, na kinakuwa ndicho.

Kando ya kisosi palikuwa na chupa ya kahawa ya moto na sahani ya biskuti. Marlys alimwekea mumewe kila siku, na kila siku mumewe alisahau kuzila. Orrin hakupenda chakula kiharibike.

Alizungusha gurudumu, akalisikiliza, akajikuta anaimba kwa sauti ya chini. Tangu amzike mkewe, Verna, hakuwa na shughuli nyingine ya maana. Ilikuwa heri, basi, kwamba alikuwa na nafasi. Nani mwingine angemwangalia Duane?

Alikuwa anafuta mikono aliposikia gari likiingia uani. Duane alipaswa kuwa kazini! Orrin alinyakua koti lake, akajibanza nyuma ya mtumbwi uliosimamishwa ukutani, akabana pumzi.

Duane aliingia amebeba baiskeli nyingine begani, nyekundu. Orrin aliichungulia, na mate yakamjaa mdomoni. Ilikuwa safi kama iliyotoka kiwandani jana. Duane aliipandisha kwenye stendi ya pili na kulizungusha gurudumu la mbele. Likazunguka kimya, limenyooka, halikuyumba hata unywele.

Fundi gani huyo aliyemuuzia kazi safi namna hii?

Duane alinyoosha mkono ukutani bila kutazama, akashika kifaa cha kukazia spoku, zile njiti za gurudumu, akainama. Robo mzunguko hapa. Nusu pale. Vidole vyake vilikwenda haraka, bila kubahatisha, na gurudumu likaanza kupepesuka kama mlevi. Kisha akahamia kwenye breki. Alifungua raba moja, akaigeuza, akairudisha nyuma mbele, akaikaza vizuri.

Orrin nusura apige kelele.

Marlys aliingia na chupa mpya ya kahawa. Aliisogelea ile ya samawati, akabana breki, akatikisa pedali.

"Kashamaliza," alisema.

"Sasa hivi?" Duane aliinuka. "Ile niliiharibu jana jioni nzima!"

"Hii iharibu zaidi, mume wangu. Akimaliza mapema anarudi kukaa gizani na koti la Verna mapajani."

Duane aliipapasa fremu ya baiskeli yake nyekundu, akashusha pumzi.

"Haya," alisema. "Nipe nyundo."